UZI: Posti na kisiki kwenye jino lililovunjika – vipimo, hatua na sababu za kung'oka

MziziMrefu
Wakuu, uzi huu ni wa madaktari wa meno, matabibu, mafundi wa maabara na yeyote anayetaka kuielewa kazi ya posti kwa undani. Tukubaliane maneno kwanza. Posti ni kijiti kinachoingia ndani ya mfereji wa mzizi ambao umeshatibiwa na kujazwa. Kisiki ni donge linalojengwa juu yake kushika nafasi ya mwili wa jino uliopotea. Krauni, au kofia kama wagonjwa wengi wanavyoiita, inavishwa juu ya kisiki.

Posti haiimarishi mzizi. Hili nalirudia kila nipatapo nafasi kwa sababu bado watu wanaweka posti "jino liwe na nguvu". Kazi ya posti ni kushikilia kisiki, basi. Kila unapopanua mfereji ili posti ipite unakwangua dentini, yaani sehemu ngumu ya jino iliyo ndani ya enameli, na dentini ndiyo inayobeba mzigo wa kutafuna. Kwa hiyo kabla ya kuuliza posti ya aina gani, uliza kama kisiki hakiwezi kujishikilia chenyewe.

Ondoa uozo wote na ujazo wa zamani, kisha hesabu kuta zilizobaki. Ukuta unaohesabika ni ule wenye unene wa mm 1 na urefu wa mm 2 kwenda juu. Zikibaki kuta 3 au 4, acha posti, jenga kwa kompositi (ujazo wa resini wenye rangi ya jino). Zikibaki 2, angalia ni jino gani na linakutana vipi na wenzake. Ukibaki ukuta 1, au hakuna, posti inahitajika, lakini kwa sharti moja: feruli iwepo.

Feruli ni mshipi wa dentini ya jino lenyewe, juu ya fizi, ambao krauni inaukumbatia kuzunguka pande zote. Seremala huvisha pete ya chuma kwenye mpini wa patasi ili mti usipasuke anapogonga. Krauni inafanya kazi hiyohiyo kwenye jino. Urefu wake uwe mm 2, ukikosa sana 1.5, na unene wa dentini usipungue mm 1. Kama huwezi kuipata kuzunguka pande zote, kwenye meno ya mbele ya juu pigania upande wa kaakaa, kwa sababu meno ya chini yanasukuma kutoka huko kwenda nje.

Kwa mfano wa uzi tuchukue jino la mbele la juu, la katikati, limekatika karibu na fizi kwa ajali ya bodaboda, mzizi mzima, mfereji umeshajazwa gatapacha (ule ujazo wa pinki kama mpira). Tuanzie hapo.

Tabibu_Kigoma
Asante mkuu. Nauliza kuhusu urefu. Kuna wanaosema posti iwe sawa na urefu wa krauni, wengine theluthi mbili za mzizi, wengine nusu ya mzizi ulio ndani ya mfupa. Nikizipiga hesabu hizi kwenye jino moja napata majibu matatu.

MziziMrefu
Ni kweli zinagongana, ndiyo maana lazima ujue ipi inatawala. Inayotawala ni kizibo cha gatapacha kwenye ncha ya mzizi: mm 4 hadi 5 zibaki bila kuguswa. Ukipunguza chini ya 4, njia ya vijidudu kwenda ncha inafunguka, na baada ya muda unaona kivuli cheusi kwenye eksirei.

Piga hesabu kwenye jino letu. Jino la kati la juu kwa wastani lina krauni ya mm 10.5 na mzizi wa mm 13. Posti iwe sawa na krauni? 10.5 ndani ya mzizi wa 13 inakuachia 2.5 za kizibo, haifai. Theluthi mbili za mzizi ni kama 8.7, inakaribia. Sasa mfupa: kwa mtu mwenye fizi nzima unaanza kama mm 2 chini ya shingo ya jino, kwa hiyo mzizi ulio ndani ya mfupa ni 11, nusu yake 5.5. Ongeza zile 2, posti inatakiwa ifike 7.5 ndani ya mzizi.

Kwa vitendo sasa. Tuseme juu ya shingo yamebaki mm 2 ya jino (feruli yako hiyo) na gatapacha inaishia mm 1 kabla ya ncha. Kutoka ukingo wa jino hadi mwisho wa gatapacha ni 14. Acha 4.5, stopa ya mpira kwenye drili inakaa 9.5. Ndani ya 9.5 hiyo, 2 ziko juu ya shingo na 7.5 ziko ndani ya mzizi. Sharti la mfupa limetimia, kizibo kimebaki.

Angalizo: kile kipimo cha urefu kilichoandikwa kwenye faili la mgonjwa wakati wa kutibu mfereji kilichukuliwa kutoka ncha ya jino iliyokuwepo siku hiyo. Jino likikatika baadaye, kipimo kile hakina maana tena. Piga eksirei mpya, chagua alama mpya ya rejea kwenye ukingo uliobaki, iandike.

NchaYaMzizi
Naomba niongeze kuhusu kutoa gatapacha, maana hapo ndipo mizizi inatobolewa.

Njia salama kuliko zote ni joto. Chuma chenye moto kinaondoa gatapacha kipande kwa kipande bila kukata ukuta, na hakivuti kizibo cha chini. Baada ya hapo ndipo unaingia na drili zisizo na ncha kali: Gates Glidden au Peeso. Namba zake msizichanganye, kwa sababu namba moja haimaanishi unene mmoja. Gates Glidden namba 2 ni mm 0.7, namba 3 ni 0.9, namba 4 ni 1.1. Peeso namba 1 ndiyo 0.7, namba 2 ni 0.9, namba 3 ni 1.1. Anayezoea Gates namba 4 akishika Peeso namba 4 anaingia na 1.3 bila kujua. Halafu Peeso ni ngumu, haipindi, ikielekea pembeni inaendelea pembeni.

Mwendo wa taratibu, bila kusukuma. Unachokiona kwenye drili kiwe gatapacha ya pinki. Ukiona unga mweupe wa dentini kabla ya kufika urefu wako, umeshatoka njiani. Simama, piga eksirei drili ikiwa ndani.

Unene wa posti usizidi theluthi moja ya unene wa mzizi mahali popote, na kila upande ibaki dentini ya mm 1 au zaidi. Kwenye mzizi wa kati wa juu kuna nafasi. Kwenye meno ya mbele ya chini hakuna: mzizi wake ni mwembamba sana ukiutazama kwa mbele, ingawa ni mpana kutoka mdomoni kwenda kwenye ulimi. Huko mara nyingi posti ni hasara tupu.

Jambo la mwisho: kama gatapacha imekaa wazi kwenye mate kwa zaidi ya miezi 3, desturi nzuri ni kurudia matibabu ya mfereji kabla ya kuweka posti, hata kama mgonjwa hana maumivu. Na kazi yote hii, jino liwe limetengwa kwa rabadamu (kitambaa cha mpira kinachozuia mate). Mtu anayeweka rabadamu wakati wa kutibu mfereji halafu anaitoa wakati wa posti anarudisha mate mahali alipoyatoa.

Bomba_la_Chuma
Mimi natetea chuma. Posti ya nyuzi za kioo inapinda, chuma hakipindi. Jino linahitaji kitu kigumu ndani yake. Kwa nini tuache posti ya kusubu (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa maabara kufuata umbo la mfereji) ambayo imetumika miaka na miaka?

MziziMrefu
Mkuu, posti ya kusubu ina mahali pake na nitaitetea nawe hapo chini. Lakini hoja ya ugumu inageuka. Dentini ina ugumu wa kupinda wa karibu GPa (gigapaskali) 18. Posti ya nyuzi za kioo iko kati ya 20 na 40 au zaidi kidogo kutegemea aina. Titani ni kama 110, chuma cha pua ni kama 200, zirikonia nayo ni kama 200. Mzigo ukija, jino na posti ya nyuzi vinapinda pamoja. Posti ya chuma haipindi, inabaki imenyooka wakati mzizi unataka kupinda, na nguvu yote inakusanyika kwenye ncha ya posti. Hapo ndipo mzizi unapasuka kwa urefu wake, na mzizi uliopasuka hivyo unang'olewa.

Posti ya nyuzi nayo inashindwa, tusijidanganye. Inashindwa kwa kubanduka gundi, au kisiki kuvunjika. Lakini mara nyingi mzizi unabaki mzima na kazi inarudiwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijali: likishindwa, ninabaki na jino au nabaki na pengo?

Pia feruli ikiwa nzuri, tofauti kati ya posti hizi inapungua sana. Feruli isipokuwepo, hakuna posti ya kukuokoa.

Zile za skrubu, za rangi ya dhahabu, zinazozungushwa ndani kwa kifunguo kidogo, mimi nashauri ziachwe kabisa. Zinashika vizuri siku ya kwanza, ndiyo, kwa sababu zinajikita kwenye dentini kama skrubu kwenye mti mkavu. Na mti mkavu unapasuka.

DadaChonge
Daktari MziziMrefu, hatua za kuunganisha posti ya nyuzi tafadhali, kwa mpangilio. Wengi tunalalamika posti inatoka na simenti yake yote, mfereji unabaki msafi kama haujawahi kuguswa.

MziziMrefu
Dada, posti ikitoka na simenti yake imeng'ang'ania, ujue simenti ilishika posti haikushika dentini. Maana yake mfereji haukuandaliwa, au uliandaliwa ukachafuliwa.

Anza na posti. Ijaribu mfereji ukiwa mkavu, ifike urefu wote bila kulazimishwa, eksirei ithibitishe hakuna nafasi tupu kati ya ncha yake na gatapacha. Ikate nje ya mdomo kwa drili ya almasi yenye maji. Usiikate kwa koleo wala mkasi, nyuzi zinapondeka na kuachana, na ufa huo huuoni. Ifute kwa spiriti, iache ikauke, paka sileni (kimiminika kinachosaidia resini kuishika posti), ngoja sekunde 60, puliza. Kuanzia hapo ishike kwa kibanio tu. Ikiguswa na mate au glavu, rudia kuifuta.

Sasa mfereji, na hapa ndipo kazi inaharibika. Haipokloraiti ya sodiamu, dawa ileile iliyosafisha mfereji vizuri, inaacha oksijeni kwenye dentini, na oksijeni inazuia resini kuganda. Basi isiwe ya mwisho. Suuza kwa EDTA 17% dakika 1 kuondoa uchafu uliopakwa ukutani na drili, kisha maji mengi. Haidrojeni peroksaidi ina tatizo hilohilo la oksijeni, iache.

Kukausha: pepa pointi (vijiti vya karatasi vya kunyonya unyevu), moja baada ya nyingine, mpaka itoke kavu. Hewa ya sirinji peke yake haifiki chini.

Kama unatumia simenti inayojishika yenyewe, usipake asidi kwenye dentini. Asidi inaacha nyuzi za kolajeni zimesimama wazi na simenti ile ni nzito, haiwezi kuzipenya, kwa hiyo unakuwa umeidhoofisha. Unyevunyevu kidogo sana uachwe, usiikaushe dentini ikawa kama chaki.

Kama unatumia mfumo wa asidi na bondi (gundi inayopakwa kabla ya simenti): asidi ya fosfori 37% sekunde 15, suuza mpaka imetoka kweli, kausha kwa pepa pointi, paka bondi kwa brashi nyembamba ya kufika ndani, nyonya ziada kwa pepa pointi kavu. Dimbwi la bondi chini ya mfereji likiganda, posti haiketi tena. Na bondi iendane na simenti. Bondi za chupa moja zenye asidi nyingi zinaua kichocheo cha simenti inayoganda yenyewe gizani: juu kwenye taa inaganda, chini inabaki laini kama gundi mbichi. Tumia bondi na simenti za mfumo mmoja, au weka kiamshi kinachotolewa na mtengenezaji.

Simenti iingizwe kwa ncha ndefu nyembamba, anza chini kabisa, ncha ikiwa imezama ndani ya simenti muda wote, vuta polepole kuja juu. Lentulo, ule waya mwembamba uliojisokota unaozungushwa na mashine, isitumike kwenye simenti za resini zinazoganda haraka. Joto lake na mzunguko wake vinaharakisha kuganda, na posti inasimama nusu njia. Ingiza posti polepole, itikise kidogo hewa itoke, ishike kwa nguvu nyepesi, mwanga sekunde 40 kupitia kichwa cha posti. Halafu subiri muda ulioandikwa kwenye boksi, kwa kawaida dakika 5 hivi, kabla ya kujenga kisiki. Taa haifiki chini kwa nguvu ya kutosha hata kama posti inaitwa ya kupitisha mwanga.

Kisiki: kompositi ya kisiki au kompositi ya kawaida kwa tabaka za mm 2. Kichwa cha posti kizibwe kote kwa kompositi, zaidi ya mm 1. Nyuzi zikibaki wazi kwenye mate zinafyonza maji na kulegea. Simenti ya glasi isitumike kama kisiki kwenye jino la mbele lisilo na kuta, ni dhaifu mno.

Tabibu_Kigoma
Na wale tunaojaza mfereji kwa simenti ya mafuta ya karafuu? Ndiyo inayopatikana huku kwetu.

NchaYaMzizi
Eugenoli, yaani kile kilicho ndani ya mafuta ya karafuu, inazuia resini kuganda. Harufu tuliyoizoea kwenye viganja vya wachuma karafuu wa Pemba ndiyo hiyohiyo inayoshinda simenti yako. Ikiwa mbichi ndiyo hatari zaidi. Kwa hiyo usijaze kwa simenti ya karafuu na kuweka posti ya nyuzi siku hiyohiyo. Iache igande kabisa, angalau wiki, halafu kuta za mfereji zikwanguliwe kwa drili ya posti mpaka uone dentini safi, suuza kwa spiriti, EDTA, maji. Hata ujazo wa muda juu ya jino usiwe wa eugenoli.

Kama simenti ya resini ya kujazia mfereji inapatikana, kuandaa nafasi ya posti siku ileile ya kujaza ni bora. Rabadamu ipo, umbo la mfereji bado liko kichwani mwako, na hakuna siku za kusubiri ambapo mate yanapenya.

Kalibu_na_Nta
Upande wa maabara nao usikike. Posti ya kusubu bado inaletwa kwetu, hasa mfereji ukiwa na umbo la yai au mpana kiasi kwamba posti ya duara ya kiwandani ingeogelea kwenye simenti, au kisiki kinapohitaji kubadili mwelekeo kidogo.

Daktari akichukua alama (nakala ya umbo la mfereji na jino) kwa silikoni, waya uwekwe ndani ya mfereji kuipa silikoni uti wa mgongo. Waya uliokunjwa kichwa kama herufi J, umepakwa gundi ya treya (kisinia cha kuchukulia alama), usiguse ukuta popote. Silikoni nyepesi inazungushwa ndani kwa lentulo, waya unazama katikati, kisha treya. Ikitoka, tazama ncha: ikiwa imechanika, ina tundu la hewa, au inalegea kando, msitutumie. Chukueni tena. Sisi hatuwezi kubuni ncha. Iuwe vijidudu kwanza, halafu itume na eksirei, urefu wa posti kwa milimita na rangi ya jino. Karatasi iliyoandikwa "posti na krauni" tu haitusaidii.

Wanaotengeneza umbo mdomoni kwa akriliki nyekundu: paka vaselini mferejini, weka kijiti cha plastiki chenye akriliki, na wakati inaganda iinue na kuishusha mara kadhaa. Ikigandia chini ya kona, haitoki, na mtaing'oa kwa drili.

Kwenye kusubu, kosa kubwa ni kutaka posti ibane. Posti inatakiwa iwe nyembamba kidogo kuliko mfereji, iingie na kutoka bila kusuguana. Kwa hiyo kalibu ya unga wa fosfeti tunaichanganya kwa kupunguza ule umajimaji wake maalumu na kuongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke, ili isitanuke sana. Krauni inataka kalibu itanuke, posti inataka kinyume. Akriliki inavimba ikipata joto, kwa hiyo tanuri lipande taratibu, kalibu isipasuke ndani. Ikitoka, ichunguzwe kwa lenzi: kitone kimoja cha chuma, mabaki ya povu la hewa, kinatosha kuzuia posti isiketi, na daktari akiisukuma kwa nguvu kitone hicho kinakuwa kabari.

Chora mfereo mwembamba kutoka ncha hadi juu ili simenti ya ziada ipate pa kutokea, na tundu dogo la pembeni mdomoni mwa mfereji ili posti isizunguke. Puliza alumina ya mikroni 50 kwenye posti.

Kwa mafundi wenzangu: aloi nyingine za nikeli-kromu zina beriliamu, na vumbi lake linaharibu mapafu, sawa na vumbi la kalibu lenye silika. Barakoa ya vumbi na kifyonza kwenye meza viwepo, siyo kitambaa cha kufunga usoni.

DadaChonge
Swali la magego. Gego la juu kuta zimebaki mbili, je, niweke posti ngapi?

NchaYaMzizi
Mara nyingi hakuna hata moja. Chumba cha kiini cha gego kina nafasi na kona za kutosha kushikilia kisiki. Kwa amalgamu (ujazo wa metali wa rangi ya fedha), Nayyar na wenzake walionesha mwaka 1980 njia ya kuijaza chumba chote na kuingia mm 2 hadi 4 kwenye midomo ya mifereji, bila posti. Kwa kompositi wazo ni lilelile. Chumba kikiwa na kina cha kutosha na enameli ya kuzunguka ipo, krauni ya kauri iliyounganishwa na mguu wake unaoingia chumbani ni chaguo zuri pia.

Ikibidi posti kabisa, moja tu, kwenye mzizi mnene kuliko yote. Gego la juu: mzizi wa kaakaa. Gego la chini: mzizi wa nyuma. Mizizi ya mbele ya gego la chini usiiguse, ukuta wake unaotazama panapogawanyika mizizi ni mwembamba na una bonde, drili inatoboa upande. Na mzizi wa kaakaa mara nyingi unapinda kuelekea shavuni. Eksirei ya kawaida inatazama kutoka shavuni, kwa hiyo mpindo ule haionyeshi, unaonekana umenyooka. Usifuate eksirei kwa upofu, fupisha.

Gego dogo la kwanza la juu nalo lina hatari yake: mizizi miwili myembamba, na ule wa shavuni una bonde upande wa ndani. Kama lazima, chagua mfereji wa kaakaa na posti nyembamba.

Msomaji_Tu
Samahani madaktari, mimi si wa fani. Mtu krauni ikitoka nzima na kijiti chake, afanye nini kabla ya kufika kliniki?

MziziMrefu
Aioshe kwa maji, aiweke kwenye kichupa safi, aje nayo ndani ya siku chache. Asiibandike kwa gundi ya viatu wala gundi ya haraka, inaunguza fizi na inaharibu uso wa mzizi. Asiirudishe na kulala nayo, inaweza kumezwa au kuingia kwenye njia ya hewa. Asitafunie upande ule.

Na kwa wenzangu: isiwe kazi ya dakika tano ya kuchanganya simenti na kuirudisha. Posti ilitoka kwa sababu. Tafuta uozo, feruli iliyoisha, ufa. Pima fizi kuzunguka mzizi mzima: mfuko mwembamba wenye kina mahali pamoja tu, huku pengine pote ni mm 2 au 3, unaashiria mzizi uliopasuka. Kijipu kinachotoa usaha karibu na ukingo wa fizi, siyo chini kwenye ncha, ni ishara nyingine. Kwenye eksirei tazama kivuli kinachozunguka ncha na kupanda upande mmoja kama herufi J. Ukiona hivyo, mzizi wa jino lenye mzizi mmoja haurudishwi.

Bomba_la_Chuma
Nakubali kuhusu feruli. Je, jino limekatika usawa wa fizi kabisa na hakuna mm 2?

MziziMrefu
Unazitafuta. Kuanzia ukingo wa mfupa unahitaji mm 3 za tishu ya fizi na mfuko wake, na mm 2 za feruli, jumla 5 za jino juu ya mfupa. Njia moja ni upasuaji wa kupunguza fizi na mfupa. Kwenye meno ya mbele inaharibu usawa wa fizi na kufupisha sehemu ya mzizi iliyoshikwa na mfupa. Njia ya pili ni kuuvuta mzizi polepole kwa waya za kunyoosha meno, kisha kuufunga usirudi. Inachukua wiki kadhaa hadi miezi, lakini uzuri wa fizi unabaki. Hakikisha mzizi uliobaki kwenye mfupa baada ya kuuvuta hautakuwa mfupi kuliko krauni itakayobebwa. Ukishindwa yote mawili, mwambie mgonjwa ukweli kuhusu daraja, meno ya kuvaa au kipandikizi, kabla hajalipia posti.

Tabibu_Kigoma
La mwisho kwangu: posti ya zamani ya chuma, jino lina kivuli kwenye ncha, inatolewaje bila kupasua mzizi?

NchaYaMzizi
Punguza kisiki chote mpaka posti isimame peke yake kama msumari, ondoa simenti inayoonekana kuizunguka. Halafu mtetemo wa altrasoniki kwenye pande zake, ukizunguka, na maji yakimwagika muda wote. Ukitetemesha kavu chuma kinapata moto, na moto unafika mfupani: nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 zinatosha kuudhuru mfupa. Sekunde 15 hadi 30, pumzika, angalia, rudia. Simenti ya zinki fosfeti inapasuka na kuachia vizuri. Simenti ya resini inafyonza mtetemo, hapo uvumilivu unahitajika, na wakati mwingine kifaa maalumu cha kuvuta posti. Usiipinde kwa koleo.

Ya nyuzi haitetemeshwi, inatobolewa katikati kufuata nyuzi zake kwa drili yake ndogo, ukitumia kioo cha kukuza. Nyuzi zenyewe zinaongoza drili ishuke wima, na ukifika kwenye pinki ya gatapacha, umemaliza.